Kujifunza kujenga ukuta wa mawe bila saruji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya huulizwa na watu wanaonikuta nimeinama kwenye rundo la mawe. Mengine yametoka kwa mafundi wenzangu wa saruji, ambao hucheka kidogo kwanza ndipo wanauliza. Yameanzia kwenye mambo ya msingi. Kama tayari umeshapanga mawe mawili matatu, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kazi yenyewe.

## Mambo ya mwanzo

Ukuta mkavu ni ukuta gani?

Ni ukuta wa mawe uliopangwa bila saruji, chokaa wala udongo wa kushikanisha. Unaitwa mkavu kwa sababu hakuna kitu kinachokorogwa na maji. Kuna jiwe, mkono, na jiwe jingine.

Sasa bila saruji unasimamaje?

Kwa uzito na msuguano. Ukiukata katikati kama mkate utaona kwamba si ukuta mmoja. Ni kuta mbili nyembamba zinazoegemeana, na katikati yake pamejazwa mawe madogo. Kila upande unalalia ndani kidogo, kwa hiyo uzito wa juu unasukuma pande zote mbili zikutane badala ya kuachana.

Faida yake inaonekana ardhi inapotikisika au kushuka. Ukuta wa saruji hupasuka, ila huu hujikalisha upya. Maji ya mvua nayo hupita katikati ya mawe na kwenda zake, hayajikusanyi nyuma na kuusukuma. Tumezoea kuambiana kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa anayeziba nyufa ndiye atakayejenga upya (tazama swali la saruji kidogo, karibu na mwisho).

Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar nazo ni kuta kavu?

Hapana. Waashi wa pwani walijenga kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ikipatikana kwa kuchoma matumbawe. Magofu ya Gede na Kilwa Kisiwani ni ya ukoo huohuo. Ni ufundi mkubwa, lakini ni mwingine. Fundi wa chokaa akija kwenye ukuta mkavu inambidi asahau mambo mengi, na la kwanza ni ile tabia ya kuamini kwamba pengo litajazwa na mchanganyiko.

Afrika Mashariki tunazo kuta za namna hii, au ni mambo ya Ulaya?

Tunazo, na za kutosha. Iliyohifadhiwa vizuri kuliko zote upande wetu ni Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori, magharibi mwa Kenya. Kwa Kijaluo ohinga ni boma lililozungushiwa ukuta, na Thimlich huelezwa kuwa ni msitu mnene wa kutisha. Inakadiriwa boma hilo lilijengwa karne ya 16. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wake kwa wastani ni mita moja. Mawe hayakuchongwa, yaliokotwa hapohapo na kupangwa kama yalivyo. Ukiwa pale, usitazame urefu tu. Tazama jinsi ukuta unavyopinda, maana ukuta uliopinda haudondoki kirahisi kama ulionyooka. Tazama nguzo za mawe zilizoegemezwa pembeni kuupa nguvu, kisha inama upite mlango mfupi wenye jiwe la kizingiti juu yako. Hapo utaelewa kwa nini adui hakuwa na hamu ya kuingia kwa kasi.

Tanzania tuna Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa huko Monduli: matuta ya mashamba yaliyozuiwa kwa mawe, mifereji ya umwagiliaji, na makazi mlimani. Watu waliihama karne ya 18. Kusini zaidi iko Zimbabwe Kuu, ambako ukuta wa nje wa boma kubwa unafika mita 11. Jina lake kwa Kishona ni dzimba dza mabwe, na msemaji wa Kiswahili hahitaji mkalimani kusikia "nyumba za mawe" mle ndani. Kwa Wakonso wa Ethiopia, kazi haijafa. Bado wanajenga na kutengeneza matuta ya mawe na kuta za miji yao kila mwaka.

Kupanga mawe tu, kwa nini kuitwe urithi?

Mwaka 2018 UNESCO iliiingiza Thimlich Ohinga kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka huohuo, kwenye orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika, ukaingizwa ufundi wenyewe wa kujenga kuta kavu, kwa ombi la nchi nane za Ulaya: Kroatia, Kupro, Ufaransa, Ugiriki, Italia, Slovenia, Hispania na Uswisi. Mwaka 2024 zikaongezwa tano, Ireland ikiwemo. Kwa maneno mengine, sisi tuliandikisha kuta, wao wakaandikisha mikono. Mkutano ulioandikisha mikono hiyo ulifanyika Port Louis, Mauritius, bahari yetu hiihii. Naona kuna kazi hapo kwa vijana wetu, na si ya kupiga picha tu.

## Kujifunza

Naweza kujifunza kwa kutazama video?

Utajifunza majina na utaratibu. Hutajifunza jiwe. Video inaonyesha uso wa ukuta, na uso ndiyo sehemu inayodanganya kuliko zote. Nimeona kuta nzuri za kupigiwa picha zikifumuka kama gunia la viazi kwa sababu ndani hamkuwa na kitu. Tazama video, kisha nenda ukashike mawe siku hiyohiyo kabla hujasahau.

Basi nitajifunza wapi?

Walio Uingereza wana njia iliyonyooka. Kipo chama cha wajenzi wa kuta kavu kilichoanzishwa mwaka 1968. Matawi yake huendesha mafunzo ya mwisho wa wiki, na vyeti vyake vina ngazi nne, kutoka mwanzo hadi fundi bingwa. Najua Waswahili wenzetu kadhaa wa huko waliokwenda kwa ajili ya kupunga hewa tu wakarudi na vidole vyenye sugu. Ireland pia wana chama chao.

Huku nyumbani njia ni mbili. Ya kwanza ni kumtafuta mzee au mkulima anayejenga matuta ya mawe kwenye mteremko wa shamba. Huenda hajiiti fundi, na ukimuuliza "ufundi" wake atakushangaa. Muombe umsaidie kubeba mawe. Shikamoo mzee, nimekuja kukusaidia kazi, hupata jibu moja tu: chukua lile. Ya pili ni kutembelea kuta za kale pamoja na wahudumu wa makumbusho na kuuliza jinsi zinavyotengenezwa pale zinapobomoka.

Inachukua muda gani?

Kanuni utazielewa ndani ya siku mbili. Ukuta mfupi wa bustani usiokuaibisha utaujenga baada ya wiki chache za kazi. Kasi ni jambo jingine. Fundi mzoefu akiwa na mawe mazuri mkononi hujenga mita mbili hadi tatu kwa siku kwa ukuta wa kimo cha kifua. Anayejifunza akimaliza nusu mita iliyo sawasawa, ameshinda vizuri.

Mimi si mtu wa nguvu, na umri umekwenda. Nitaweza?

Ndiyo. Jiwe kubwa halinyanyuliwi, linabingirishwa juu ya ubao au kusukumwa kwa mtaimbo. Mengi yanayobaki yanatosha mkono mmoja. Kinachochosha zaidi ni kuamua.

Nianze na nini?

Anza na ukuta ulioanguka, usianze na mpya. Ushauri huu ndio watu hawapendi kuusikia, maana kila mtu ana picha ya ukuta wake mpya kichwani. Lakini ukuta ulioanguka unakuonyesha kosa, unakupa mawe bure, na pande zake zilizobaki zimesimama zinakupa kipimo cha unene na mlalo.

Bomoa kwa mpangilio. Toa mawe ya juu kabisa, uyaweke mbali. Mawe ya uso yapange chini umbali wa hatua moja, yakiwa yametawanywa na kutazama juu ili uyaone yote. Mawe madogo ya ndani yakusanye marundo madogomadogo pembeni. Yale makubwa ya msingi, kama hayajasogea, yaache. Acha njia ya miguu kati ya ukuta na mawe, la sivyo utateguka kifundo kabla ya chai ya saa nne. Unapobomoa, tafuta mahali ulipoanzia ugonjwa: mzizi, jiwe lililooza, au tumbo tupu, yaani katikati ya ukuta pasipojazwa mawe madogo.

## Vifaa na mawe

Nahitaji vifaa gani?

Vichache. Nyundo nzito, tindo, mtaimbo, sururu na beleshi kwa msingi, karai la mawe madogo, futi kamba, na uzi. Tengeneza fremu mbili za mbao zenye umbo la ukuta, pana chini na nyembamba juu, usimamishe moja kila mwisho wa ukuta, kisha vuta uzi kati yake. Uzi huo ndio mwalimu wako. Unapanda nao kila unapomaliza kozi, yaani safu moja ya mawe. Timazi na pimamaji si lazima, kwa sababu ukuta huu haujengwi wima.

Mawe gani yanafaa?

Yale yaliyo karibu. Ndiyo kanuni ya kale: mtu alijenga kwa jiwe lililokuwa likimsumbua jembeni. Yanayopasuka bapa ni rahisi zaidi. Itale ya Zimbabwe hubanduka tabaka kwa tabaka kwa joto la mchana na baridi ya usiku, na hiyo ni bahati kubwa kwa mjenzi. Mawe ya mviringo ya mtoni ndiyo magumu kuliko yote, maana hayashikani. Kama ndiyo uliyonayo, ongeza unene wa ukuta na punguza kimo. Epuka jiwe linalomeguka ukilikwaruza kwa kucha. Na usichote mawe mtoni au mlimani bila ruhusa ya mwenye eneo na serikali ya mahali pale.

Nitahitaji mawe kiasi gani?

Tuchukue ukuta wa kimo cha sentimita 120, upana 70 chini na 35 juu. Kila mita ya urefu hula zaidi kidogo ya tani moja. Ukiongeza ya msingi, ya kofia (safu ya kufunika juu) na yatakayokataliwa, ukuta wa mita kumi utataka kama tani 15. Watu hushtuka wakisikia. Lori likimwaga, rundo huonekana kubwa mno, na siku ya tatu unaanza kulitazama kwa wasiwasi.

Hatari zake ni zipi?

Vidole na vifundo kwanza, kwa hiyo vaa buti ngumu. Glavu ni juu yako. Wengine huzivua kwa sababu mkono uliofunikwa haulisikii jiwe. Ukishika nyundo na tindo, miwani ya kukinga macho si hiari, na vumbi la mawe mengi huharibu mapafu, basi funika pua au lowesha jiwe kabla ya kulipiga. Kuna pia wenye nyumba. Rundo la mawe ni makazi ya nge na nyoka, kwa hiyo vuta jiwe likielekea kwako upande wa juu, uone kilicho chini yake kabla ya kuingiza vidole.

## Kazi yenyewe

Msingi uchimbwe kina gani?

Ondoa udongo wa juu wenye majani na mizizi hadi ufike udongo mgumu. Mara nyingi ni sentimita 15 hadi 20. Mawe makubwa kuliko yote huenda hapo, yakitulia bila kuyumba ukikanyaga.

Nasikia "moja juu ya mawili." Maana yake?

Kila jiwe likalie mawili ya chini yake, na kila mawili yakaliwe na moja, ili mshono wa chini ufunikwe. Mishono ikifuatana juu kwa juu unapata ufa uliosimama, na ukuta utafunguka hapohapo.

Kuna kanuni ya pili ambayo wanafunzi huisahau haraka zaidi: upande mrefu wa jiwe uingie ndani ya ukuta, usilale kwenye uso. Kulilaza kwenye uso kunavutia, kwa sababu linafunika sehemu kubwa na kazi inaonekana imekwenda. Lakini jiwe hilo limeshikiliwa na nini? Na upana wa kiganja tu.

Mbona kila mtu anasisitiza kujaza tumbo?

Kwa sababu ndiko ukuta unakosimama au kuanguka, na ndiko hakuna atakayekukagua. Mawe ya tumbo ni yale madogo, ya ukubwa wa ngumi kushuka, yanayokaa kati ya nyuso mbili. Kila moja huwekwa kwa mkono. Unatafuta pengo, unalisukumia humo mpaka liume, na kwa kulifanya hivyo unalifunga lile kubwa la mbele lisicheze. Tumbo linapanda sambamba na kozi, halisubiri mwisho.

Ukuta wangu wa kwanza niliujaza kwa beleshi. Nilikuwa na haraka, na kokoto zilikuwa zimechanganyika na udongo, nikaona si neno, udongo utashikanisha. Kwa nje ulipendeza. Masika ilipokuja, udongo ulilowa, ukavimba, ukatoka taratibu kwenye mianya kama uji. Ndani pakabaki shimo. Wiki moja uso wa upande wa chini ulikuwa na tumbo la mjamzito, wiki iliyofuata nikakuta mita tatu ziko barazani. Mzee aliyekuja kuniona hakusema kitu. Aliokota jiwe moja la tumbo, akalifuta matope kwa kidole gumba, akanipa mkononi.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja. Nikimaliza kozi nabisha kila jiwe la uso kwa kiganja. Likicheza, kosa liko nyuma yake, siyo mbele. Kamwe usilitulize kwa kuchomeka kijiwe kutoka nje. Kitadondoka, na jiwe litarudi kuyumba.

Mawe ya kufunga ni yapi?

Ni marefu yanayovuka unene wote wa ukuta na kuzibana nyuso mbili pamoja. Yaweke takriban nusu ya kimo, kila baada ya mita moja. Huna marefu kiasi hicho? Tumia mawili yanayopishana katikati, hayafikii ubora wa moja lakini yanasaidia.

Na kofia?

Kozi ya mwisho ya mawe mazito yanayofunika nyuso zote mbili, yakisimama kwa ubavu na kubanwa yakakaza. Bila kofia, mbuzi wa kwanza atakayepanda ataanza kubomoa.

## Mambo yenye utata

Naweza kuweka saruji kidogo tu kwenye kofia, watoto wasiing'oe?

Wengi hufanya hivyo, na siwezi kukuzuia. Ila ujue unachobadilisha. Ukuta ulio chini utaendelea kujikalisha mwaka hadi mwaka, na kofia iliyoshikana itabaki juu kama daraja. Siku itakapovunjika itavunjika vipande vikubwa. Chini ya kofia usiweke hata kijiko, kwa sababu ya maji (rejea swali la ukuta unavyosimama).

Nataka ukuta wa kuzuia udongo kwenye mteremko. Kanuni ni zilezile?

Zaidi au pungufu, ila mzigo ni mwingine kabisa. Msingi uwe mpana, takriban nusu ya kimo, na ukuta ulalie mlimani. Nyuma yake jaza mawe madogo badala ya udongo, ili maji yapate njia ya kushuka. Kwa anayejifunza, kimo cha mita moja ndicho mwisho. Kikizidi hapo, au kukiwa na nyumba juu yake, mwite mhandisi.

Mti umeota ndani ya ukuta. Niung'oe?

Mche mdogo, ndiyo. Mti mkubwa, usiuvute, kwa sababu mizizi itatoka na mawe. Ukate usawa wa ukuta, uuache uoze, ukijua kwamba siku moja sehemu hiyo itabidi kubomolewa na kupangwa upya.

Nimetembelea boma la kale nikaona mawe yameanguka. Nisaidie kuyarudisha?

Hapana, hata kama unajua kazi. Mahali lilipoanguka jiwe ni ushahidi, na ukilisogeza umeufuta. Isitoshe, Kenya ina Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006, na Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na zote mbili zinalinda maeneo hayo yasiguswe bila idhini. Piga picha, mwambie mhudumu, ondoka. Na usipande juu ya ukuta kupata picha nzuri, kwani mara nyingi hivyo ndivyo mawe yalivyoanguka.

Nimetengeneza sehemu iliyobomoka kwa mawe yaleyale, nimemaliza, na mengine yamebaki. Nimekosea wapi?

Tazama yaliyobaki. Kama ni madogo, umeacha tumbo tupu. Kama ni makubwa, umeyalaza mengine kwenye uso badala ya kuyaingiza ndani, ndiyo maana yametosha haraka. Kwa vyovyote vile, toa kofia ushuke kozi mbili tatu uhakikishe, leo, wakati mawe bado yako miguuni pako na mvua haijaanza.